Normandy kwa baiskeli mkiwa kundi: siku sita kutoka Carentan hadi Caen

Kila anayetaka kupanga safari hii huniuliza kwanza ni kilomita ngapi. Ni kama 200 kwa siku sita, wastani wa 33 kwa siku, mwendo ambao muuza maziwa wa Tanga huumaliza kabla ya saa nne asubuhi. Tulipokwenda mara ya kwanza, watu tisa, tuliona hizo ni chache mno. Tukajipangia 65 kwa siku. Siku ya pili tulifika makaburi ya askari wa Marekani waliokufa vitani, pale Colleville-sur-Mer, zikiwa zimebaki dakika ishirini geti lifungwe, tukapita mbio mbio katikati ya makaburi zaidi ya 9,300 huku tunatazama saa. Mama mmoja wa kundi letu, mwenye miaka 61, aligoma kutoka. "Wanangu, hawa hatujawasalimu," alisema.

Tulirudi mwaka uliofuata na ratiba nyingine kabisa, ile tuliyoipanga kwa kuanzia na saa za kusimama. Ndiyo ninayoieleza hapa.

Kwa asiyeifahamu habari yenyewe: tarehe 6 Juni 1944 majeshi ya Marekani, Uingereza, Kanada na washirika wao yalitua Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, kuing'oa Ujerumani ya Hitler. Siku hiyo moja walitua askari kama 156,000, kwa bahari na kwa miavuli, kwenye pwani ya urefu wa kilomita zipatazo 80. Fukwe tano zilipewa majina ya siri ambayo yamebaki mpaka leo. Ukitoka magharibi kwenda mashariki ni Utah, Omaha, Gold, Juno na Sword. Pwani ya urefu huo ni saizi ya baiskeli. Kwa gari utaimaliza kwa siku moja usikumbuke kitu, na kwa miguu likizo itakwisha hujafika.

Hatua ya kwanza: watu, kazi na tarehe

Watu wanane hadi kumi wanatosha. Mkizidi hapo magari yatashindwa kuwapita kwenye vinjia vya mashambani, na mgahawa wa kijiji hautakuwa na meza ya kuwakalisha. Gawaneni kazi kabla ya kukata tiketi.

Mtu wa mbele ndiye anayejua njia, na asiwe mwenye mapafu kuliko wote, kwa sababu mwendo wake ndio mwendo wa kundi. Mtu wa mkia haruhusu yeyote abaki nyuma yake. Yeye ndiye mwenye pampu, tyubu mbili, viraka, solusheni na spana. Mweka hazina anashika kibubu: asubuhi ya kwanza kila mtu anatoa kiasi sawa cha euro, na kahawa, mikate na viingilio vya makumbusho vinalipwa humo. Bila kibubu, watu tisa mkisimama kunywa kahawa mnatumia nusu saa kugawana bili.

Kazi ya nne ni ya kila mtu, na ndiyo ninayoisisitiza. Mwezi mmoja kabla ya safari kila mmoja achague jina la askari mmoja aliyezikwa kwenye njia yenu. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha yake mtandaoni, na tume ya Marekani inayotunza makaburi yao ya ng'ambo ina ya kwake. Zote ni bure. Unaandika jina la makaburi, unapata majina, vikosi, tarehe za kufa, na eneo la kila kaburi: kiwanja, safu, namba. Nakili kwenye daftari, usitegemee simu. Mkifika, mwenye jina anawapeleka wenzake na kulisoma kwa sauti. Bila hivyo mtaona uwanja mkubwa wa mawe meupe, mtapiga picha, mtaondoka.

Tarehe nzuri ni katikati ya Mei, nusu ya pili ya Juni, au Septemba. Wiki ya tarehe 6 Juni kuna maadhimisho, barabara nyingine hufungwa na vyumba huwa vimeshikwa zamani. Julai na Agosti barabara ya pwani, D514, hujaa magari ya watalii.

Hatua ya pili: karatasi

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku kumi na tano. Mimi nasema pelekeni miezi mitatu kabla. Ada ya mtu mzima ni euro 90 na hairudishwi ukikataliwa. Kila mtu anaomba peke yake hata kama mnasafiri pamoja, kwa hiyo andikeni ratiba moja, yenye hoteli zilezile na tarehe zilezile, na kila mmoja aiambatanishe. Ratiba zinazopishana kwa siku moja tu zilimchelewesha mwenzetu.

Bima lazima ifike angalau euro 30,000 na igharamie matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani. Usomeni mkataba mpaka mwisho muone kama baiskeli imo, maana zipo bima zinazoiweka kwenye michezo ya hatari na kuikataa.

Wanaoishi Uingereza wanaweza kuchukua kivuko cha Portsmouth hadi Ouistreham, kama saa sita majini, na kutoka melini wakiwa juu ya baiskeli zao. Kibali cha kuishi Uingereza hakiondoi haja ya viza.

Hatua ya tatu: mazoezi

Mtu anayeweza kuendesha kilomita 40 siku tatu mfululizo bila kulalamika yuko tayari. Neno ni hilo "mfululizo". Siku moja kila mtu anaweza. Makalio hulia asubuhi ya pili. Nunua kaptura yenye sponji ndani, ivae bila chupi, na upake mafuta ya mgando sehemu zinazosuguana kabla hujapanda. Dada zetu wanaovaa hijabu waliivaa ndani ya suruali pana waliyoibana vifundoni isishikwe na cheni, wakaenda vizuri tu. Kofia ngumu nayo inakaa sawasawa juu ya mtandio mwembamba.

Hatua ya nne: kodini baiskeli hukohuko

Tulijaribu kusafiri na baiskeli zetu wenyewe ndani ya treni. Nafasi za baiskeli katika behewa ni za kuhesabu, na kundi letu liligawanyika mara mbili, nusu wakisubiri treni ya baadaye. Safari ya pili tulikodi. Wako wakodishaji wanaokuletea baiskeli hotelini na kuzifuata mji mwingine, na wengine hubeba pia mabegi yenu kwa gari kila siku. Waandikieni mapema, mkitaja kimo cha kila mtu kwa sentimita. Aulizwe kila mtu pia kama anataka baiskeli ya kawaida au ya umeme. Mama yetu wa miaka 61 alichukua ya umeme na ndiye aliyekuwa akitungojea juu ya kila mlima.

Mkikabidhiwa, msiondoke hapohapo. Zungukeni uwanjani dakika kumi. Siti iwe juu kiasi kwamba mguu unakaribia kunyooka pedali ikiwa chini. Kisha angalia breki: Ufaransa mkono wa kushoto ndio unaovuta breki ya mbele, ilhali Uingereza, na kwenye baiskeli nyingi zilizofuata mtindo wake, ni wa kulia. Kaka mmoja hakuamini mpaka alipominya kwa nguvu mteremkoni. Gurudumu la nyuma liliinuka, akatua kwenye majani. Hakuumia, lakini mbele yake kulikuwa na trekta.

Hatua ya tano: barabara zao

Ufaransa wanapita kulia. Mtu wa Kinshasa au Bujumbura hana la kujifunza hapa. Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tunalo. Hatari yenyewe haiko barabarani mkiwa mnaenda, iko pale mnapoanza upya: mmetoka kanisani, barabara tupu, mwili unakupeleka kushoto kwa mazoea. Mtu wa mbele aseme "kulia!" kwa sauti kila mnapoondoka, siku zote sita. Hata jina letu la kipilefti linakupoteza. Huko mzunguko unaingiwa kwa kulia, unazungukwa kinyume cha mishale ya saa, na walio ndani, wanaokuja kutoka kushoto kwako, ndio wa kupishwa.

Vijijini kuna sheria nyingine ya kushangaza: kwenye njia panda isiyo na alama yoyote, anayetokea kulia ana haki ya kupita kwanza, hata akitoka kwenye kichochoro. Punguzeni mwendo kwenye kila kona ya ukuta wa mawe. Mnaruhusiwa kwenda wawili wawili, ila gari likitaka kupita, na usiku, mnakuwa mstari mmoja. Kengele, taa ya mbele na ya nyuma ni lazima. Nje ya mji usiku au kwenye ukungu kizibao chenye kung'aa ni lazima pia. Spika za masikioni ni marufuku. Namba ya dharura ni 112.

Njia yenyewe ina vibao vya kijani vya baiskeli. Kwa sehemu kubwa mtafuata au kuikaribia La Vélomaritime, njia ndefu ya baiskeli inayoambaa pwani ya kaskazini kutoka Roscoff hadi Dunkerque. Hoteli zenye nembo ya Accueil Vélo zina pa kufungia baiskeli usiku na vifaa vya kutengenezea. Nimejifunza kuzitafuta hizo kwanza.

Hatua ya sita: njia, siku kwa siku

Pepo nyingi za huko huvuma kutoka magharibi. Anzieni magharibi ili ziwasukume mgongoni. Treni ya Paris hadi Cherbourg, inayotoka kituo cha Saint-Lazare, hupita Caen, Bayeux na Carentan. Shukeni Carentan, laleni hapo usiku wa kwanza, baiskeli ziwakute hapo.

Siku ya kwanza ni mzunguko wa kilomita kama 45 bila mizigo: Carentan, Angoville-au-Plain, Utah, Sainte-Mère-Église, kurudi Carentan. Mtajifunza pia nchi ilivyo. Mashamba madogo yamezungushiwa ua wa udongo wenye miti na miiba juu yake, na vinjia vinapita katikati vimezama chini kama mfereji. Ukiwa juu ya baiskeli huoni kilichoko hatua kumi kushoto kwako. Kuanzia pale mlipo mtaelewa kwa nini, baada ya kutua, majeshi yalichukua wiki nyingi kusogea kilomita chache: kila ua ulikuwa ngome.

Angoville ni kijiji cha nyumba chache na kanisa dogo la mawe la kale. Wengi hupita. Ninyi msipite. Usiku ule wa miavuli matabibu wawili wa Kimarekani, Robert Wright na Kenneth Moore, walifungua kanisa hili likawa hospitali. Vita vilipita huku na huku nje, na wao waliwatibu watu 80, Wamarekani na Wajerumani sawasawa, pamoja na mtoto wa kijijini. Sharti lao lilikuwa moja: silaha zibaki nje. Ingieni polepole muyatazame mabenchi. Kwenye mbao kuna madoa meusi, mapana, yaliyoingia ndani ya nyuzi za mti. Ni damu ya siku zile. Niliweka kiganja pembeni ya doa moja, kikaenea humo na nafasi ikabaki. Wright aliporudishwa baada ya kufa mwaka 2013 alizikwa hapohapo uani, chini ya jiwe dogo lenye herufi tatu tu: R.E.W.

Utah penyewe ni mchanga mpana na makumbusho yaliyojengwa kuzunguka ngome ya zege ya Wajerumani. Saa moja na nusu inatosha. Sainte-Mère-Église ina sanamu ya askari anayening'inia kwa mwavuli wake kwenye mnara wa kanisa, kumbukumbu ya John Steele aliyenasa pale na kujifanya maiti. Mji huu una watu wengi na maduka ya vikumbusho. Kuleni, tazameni, rudini.

Siku ya pili, kilomita kama 35, Carentan hadi Grandcamp-Maisy kupitia Isigny-sur-Mer na La Cambe. Isigny ni mji wa siagi; nunueni mkate na siagi yake mle barazani. Baada ya hapo kuna makaburi ya Wajerumani ya La Cambe, na kundi letu lilibishana kama tusimame au la. Tulisimama. Wamelala hapo zaidi ya 21,000. Hakuna weupe wala maua mengi: mawe yaliyolazwa chini nyasini, mengi yakiwa na majina mawili mawili, na misalaba mifupi myeusi iliyosimama mitano mitano. Someni tarehe za kuzaliwa. Mtakuta 1925, mtakuta 1926. Hatukujua la kusema pale, na hakuna aliyetudai kusema.

Siku ya tatu ni kilomita 30 tu na itawachukua siku nzima. Pointe du Hoc ni jabali la urefu wa kama mita 30 lililosimama wima juu ya bahari. Askari 225 wa Kimarekani wa kikosi cha Ranger, chini ya James Rudder, walipanda kwa kamba na ngazi huku wakipigwa kutoka juu. Walipofika mizinga waliyotumwa kuivunja haikuwepo. Ilikuwa imehamishiwa bara, na waliifuata wakaiharibu huko. Baada ya siku mbili waliobaki na nguvu za kupigana walikuwa kama 90. Ardhi imeachwa ilivyopasuliwa na mabomu. Fungeni baiskeli maegeshoni na mtembee, na msivuke kamba za ukingoni, kwa sababu bahari inalila jabali lile kidogo kidogo.

Kutoka hapo mnashuka Omaha. Hapa watoto wa pwani mna elimu ambayo wageni wengine hawana. Bahari ile inapwa na kujaa kama yetu, ila kwa kina kikubwa zaidi, na makamanda waliichagua siku ile kwa hesabu ambayo mvuvi yeyote wa Kunduchi au Lamu angeielewa: mwezi mpevu wa kuwamulikia askari wa miavuli usiku, na maji yakiwa chini alfajiri ili vyuma na nguzo walizotega Wajerumani mchangani vionekane. Bamvua ndilo lililowapa yote mawili. Gharama yake ni kwamba askari alipotoka mashuani alikuwa na mchanga mtupu mrefu mbele yake, bila pa kujificha. Nendeni wakati maji yamekupwa, mtembee mpaka ukingo wa maji, kisha mgeuke. Vilima vile vya kijani mnavyoviona mbali ndiko risasi zilikotoka. Tulitembea kutoka majini hadi ukutani kimyakimya. Kwa mwendo wa kawaida, hatuna mzigo, ilikuwa ndefu.

Ratiba ya maji hubandikwa kwenye ofisi za utalii za pwani; neno la kutafuta ni marée.

Kutoka ufukweni hadi makaburi ya Colleville kuna mlima mkali. Sukumeni baiskeli, si aibu. Baiskeli haziingii ndani. Kiingilio ni bure, na msimu wa joto geti hufungwa saa kumi na mbili jioni, hivyo fikeni kabla ya saa tisa. Misalaba ni ya marumaru nyeupe, na palipolala Myahudi pana nyota ya Daudi. Herufi zimechongwa nyeupe juu ya nyeupe, hazisomeki kwa mbali. Wahudumu wakimpeleka jamaa kaburini hujaza herufi kwa mchanga wa Omaha ulioloa, jina likatokea. Safari ya pili mama yetu alikuwa na jina lake daftarini. Alilitafuta kwenye safu, akalisoma, akasema "Shikamoo," akanyamaza kidogo, akatwambia sasa twendeni. Laleni Port-en-Bessin, bandari ya wavuvi.

Siku ya nne ni fupi, kama kilomita 15: Longues-sur-Mer kisha Bayeux. Longues kuna mizinga minne mikubwa ya Kijerumani, ingali ndani ya mabanda yake ya zege, midomo inaelekea baharini. Unaweza kuingia na kuigusa chuma chake. Usiguse kitu kingine chochote cha chuma utakachokiona shambani au mchangani popote katika safari hii, na msichimbe. Mabomu yasiyolipuka bado yanapatikana.

Bayeux ulikombolewa tarehe 7 Juni, siku moja baada ya kutua, na haukubomolewa; ndiyo maana nyumba zake za kale zimesimama. Fikeni kabla ya adhuhuri, muoge, mle, kisha alasiri nzima iwe ya makaburi ya Jumuiya ya Madola, makubwa kuliko yote ya Vita vya Pili ya tume hiyo nchini Ufaransa. Makaburi yake ni zaidi ya 4,100, pamoja na mamia ya Wajerumani waliozikwa mlemle. Ukutani langoni tafuteni kimlango kidogo cha shaba. Ndani kuna daftari la majina na kitabu cha wageni. Mawe yote yana kimo kimoja, jenerali na kuruta. Juu kuna alama ya kikosi, chini kabisa, karibu na maua, maneno machache ambayo familia iliruhusiwa kuchagua. Chuchumaeni myasome hayo. Huko ndiko wazazi na wake zao wanakosema.

Mawe hayo tunayo nyumbani. Tume ileile inatunza makaburi ya vita ya Dar es Salaam na ya Nairobi, kwa mchoro uleule. Wakati Normandy inasubiriwa, tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani, ikafa nayo idadi kubwa ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Majina yao yako kwenye ukumbusho wa Nairobi. Lakini wale wabebaji mizigo wa vita vya kwanza, Carrier Corps, waliotuachia jina la Kariakoo, walizikwa kwa maelfu bila jiwe wala jina, na mwaka 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba hawakutendewa sawa. Nilikuwa na jambo hili kichwani nilipokuwa nikitembea safu za Bayeux, kila kijana na jiwe lake, na waridi wake. Napendekeza msomaji mmoja wa kundi lenu awasomee wenzake habari za wabebaji palepale. Pana nafasi ya kuwataja.

Siku ya tano, kilomita kama 28, Bayeux hadi Courseulles-sur-Mer. Kilomita kumi za kwanza zinawafikisha Arromanches, ambako Waingereza walivuta baharini vipande vya bandari nzima kutoka kwao na kuviunganisha hapo. Masanduku makubwa ya zege bado yamesimama majini, mengine mchangani. Maji yakipwa unayafikia kwa miguu. Kisha Ver-sur-Mer, kwenye ukumbusho wa Waingereza uliofunguliwa 6 Juni 2021: nguzo nyeupe zenye majina 22,442 na bahari nyuma yake. Courseulles kuna kituo cha Wakanada, Juno Beach Centre, na nakiona ndicho bora kwa walio na watoto wakubwa.

Siku ya sita, kilomita kama 40. Asubuhi ni tambarare ya pwani hadi Ouistreham, kisha mnashika njia ya kando ya mfereji isiyo na magari. Daraja la Pegasus liko njiani, pale Bénouville. Dakika chache baada ya saa sita usiku, ndege tatu zisizo na injini zilitua gizani karibu kabisa na daraja hilo, na watu wa John Howard walilitwaa kabla Wajerumani hawajaamka vizuri. Daraja la asili liko kwenye makumbusho ng'ambo ya maji, unaona matundu ya risasi kwenye chuma. Kama mna jina la askari aliyezikwa Ranville, makaburi yako kilomita chache mbele. Halafu rudini mferejini, hadi Caen.

Hatua ya saba: tumbo na swala

Jikoni za vijijini hupika saa sita mchana hadi saa nane. Ukifika saa nane na nusu utapewa kahawa. Jumapili mchana na Jumatatu maduka mengi hufungwa, basi nunueni mikate, jibini na matunda siku iliyotangulia. Maji ya bomba mgahawani ni bure ukiomba carafe d'eau.

Kwa Waislamu, nyama ya halali vijijini ni ngumu kupata, itafuteni Caen. Kwingine tegemeeni samaki, mayai na galette, chapati nyembamba ya ngano nyeusi, mkitaja wazi kwamba hamtaki nguruwe: sans porc. Chaza na kome wana mtego wake: kome huchemshwa mara nyingi ndani ya mvinyo au cidre, na cidre ni tembo la matofaa, ina kilevi. Juisi ya kawaida huitwa jus de pomme. Mwezi Juni jua huzama karibu saa nne usiku, kwa hiyo magharibi na isha hufuatana mkiwa mmechoka. Tulikubaliana kuamshana.

Hatua ya nane: kurudisha

Fikeni Caen kabla ya saa kumi jioni. Pigeni picha kila baiskeli pande zote mbili mbele ya mwenye duka, mkabidhi funguo za kufuli zote, chaji za betri na pampu. Pampu ndiyo husahaulika ndani ya begi la mtu wa mkia. Mweka hazina afungue kibubu, agawe kilichobaki. Treni za Paris zinachukua kama saa mbili. Sisi tulipanda ya jioni, kila mtu na daftari lake magotini, tunasomeana majina ambayo hatukuwahi kuyafikia.